Bolti, Washa na Sabuni Iliyounguza Mikono

Mama mwenyekiti alikuja kwangu Jumapili jioni, mche wa sabuni ameufunga ndani ya kanga kama mtu aliyebeba kitu cha aibu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye mkeka, akaufungua.

"Mwalimu, wewe si ndiye unafundisha mambo ya hizi dawa? Hebu tutazamie. Sabuni yetu inaunguza watu."

Ulikuwa mwaka wangu wa pili Kigoma. Nilikuwa nafundisha kemia kidato cha tatu na cha nne, na kikundi cha akina mama wa mtaani kwetu kilikuwa kimeanza kutengeneza sabuni ya miche ili kuacha kutegemea biashara ya vitumbua peke yake. Walichanga, wakanunua kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, wakatengeneza mche wa kwanza na wa mia, wakauza. Baada ya wiki moja muuza dagaa mmoja akawarudishia sabuni yao. Viganja vyake vilikuwa vimekauka na kupasuka kwenye mikunjo ya vidole, na maji ya chumvi ya samaki yakiingia humo analia.

Niliushika ule mche. Juu ulikuwa na unga mweupe kama chokaa, na nilipoukata kwa kisu haukukatika vizuri, ulimeguka. Kesho yake niliubeba hadi maabara nikadondoshea tone la fenolftalini kwenye sehemu iliyokatwa. Fenolftalini ya maabara ni kioevu kisicho na rangi, ila kikikutana na besi kali, yaani kinyume cha asidi, kama kostiki, hugeuka rangi ya waridi. Pale hapakuwa na waridi la kubahatisha. Lilikuwa zambarau iliyokolea, ikasambaa hadi pembeni. Maana yake ilikuwa wazi: ndani ya ile sabuni mlikuwa na kostiki nyingi ambayo haikupata mafuta ya kuungana nayo, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikila ngozi za watu.

Nikaomba kuona vipimo vyao. Mama mwenyekiti akanionyesha karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyoandikwa na ndugu yake wa Tanga: mafuta kilo 10, kostiki kilo 1 na gramu 800, maji lita 4. Walikuwa wamefuata kila kitu. Walipima kwa mizani ya duka, hawakukisia kwa kopo. Hata ile tahadhari ya kumwaga kostiki kwenye maji na si maji kwenye kostiki waliizingatia, na baada ya sufuria la kwanza la alumini kuliwa na kostiki hadi likatoboka, walihamia ndoo za plastiki.

"Mafuta gani?" nikauliza.

"Mawese. Huku kwetu kuna mafuta gani mengine?"

Na yule wa Tanga alikuwa akitumia mafuta ya nazi. Niliposikia hivyo nilijua kosa liko wapi, kwa sababu kosa hilohilo nililifanya mimi nikiwa kidato cha tatu, na lilinigharimu karibu mwaka mzima kulielewa.

Shuleni, mada ya moli, kipimo cha idadi wanachotumia wanakemia, ilitufikia kama mvua ya mawe. Tulikuwa tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukaingia sekondari kila kitu Kiingereza, na hapo ndipo mtu anakuandikia ubaoni namba yenye sufuri ishirini na kitu na kukwambia hiyo ndiyo moli moja. Tuliinakili. Tuliimba kanuni ya kugawa uzito kwa uzito wa moli moja, tukaimba kanuni ya gesi, tukaimba ya myeyusho. Nilikuwa naweza kuzitaja zote usiku wa manane, lakini ukinipa swali ambalo halikufanana na mfano wa ubaoni nilikuwa nabaki natazama.

Swali lililoniangusha nalikumbuka mpaka leo. Gramu 10 za kalsiamu kaboneti zinahitaji gramu ngapi za asidi haidrokloriki ili ziishe zote? Mlinganyo ulikuwa umeshasawazishwa:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Nikaona kaboneti ni 1, asidi ni 2. Nikaandika: gramu 20. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nilipata sifuri, na kibaya zaidi, niliposomewa masahihisho sikuona kwa nini jibu langu ni kosa. Namba 2 ile pale mbele ya asidi, imesimama wima. Kama si mara mbili, ni nini?

Likizo ile nilikwenda kumsaidia baba karakana. Baba alikuwa fundi wa madawati na vitanda vya chuma. Kazi yangu ilikuwa kwenda duka la vifaa vya ujenzi na kurudi na bolti, nati na washa, zile pete bapa za chuma zinazovalishwa kwenye bolti, ambazo zilikuwa zinauzwa kwa kilo. Hakuna muuzaji mwenye muda wa kukuhesabia washa mia tano moja moja.

Kwenye mlango wa karakana baba alikuwa ameandika kwa chaki mambo ambayo nilikuwa nimeyapita miaka yote bila kuyasoma. Bolti, mia, kilo 4. Washa, mia, gramu 400. Alikuwa amehesabu mia ya kila kitu mara moja tu, akapima, akaandika, na kuanzia hapo hakuhesabu tena. Akitaka kujua ana bolti ngapi anapima anagawa kwa 4, anapata mia ngapi.

Siku hiyo alikuwa na tenda ya madawati. Kila bolti ilihitaji washa mbili, moja huku na moja huku. Akanituma: "Nimeshanunua bolti kilo 10. Kalete washa za kuzitosha."

Nikauliza, "Kilo 20?"

Baba aliacha kuchomelea, akanyanyua miwani. Hakukasirika. Akasema tu, "Mwanangu, kilo 20 za washa utazibeba na mkokoteni. Bolti ni mia ngapi hizo?"

Kilo 10 kugawa kwa 4. Mia mbili na nusu.

"Kila bolti washa mbili. Kwa hiyo washa mia ngapi?"

Mia tano... yaani mia mara 5.

"Na mia moja ya washa ina uzito gani?"

Gramu 400. Mara 5 ni gramu 2,000. Kilo 2.

Nilisimama pale mlangoni na fedha mkononi, nikiyatazama yale maandishi ya chaki. Ile 2 ya mbele ya asidi ilikuwa washa mbili kwa bolti moja. Ilikuwa idadi, haikuwa uzito. Hakuna mahali popote katika mlinganyo wa kemia palipoandikwa gramu. Mlinganyo unahesabu vipande. Mizani inapima uzito. Na ili kutoka kwenye mizani hadi kwenye vipande, na kurudi tena, lazima upitie kwenye ile "mia" ya baba. Moli ndiyo mia ya wanakemia. Basi.

Nilirudi nyumbani usiku nikalifanya lile swali upya. Moli moja ya kalsiamu kaboneti ni 40 ya kalsiamu, 12 ya kaboni na 48 ya oksijeni tatu, jumla gramu 100. Gramu 10 ni moli 0.1. Kila kaboneti inataka asidi mbili, kwa hiyo moli 0.2 za asidi. Moli moja ya asidi ni 1 na 35.5, gramu 36.5. Mara 0.2 ni gramu 7.3. Si 20. Ni 7.3, ndogo hata kuliko ile 10 ya kaboneti, kwa sababu washa ni nyepesi.

Kwa nini wanakemia hawakutumia mia, au milioni? Hili nalo lilinisumbua, na naona linawasumbua wanafunzi wangu wote, kwa hiyo huwa nalisema mapema. Atomu ni ndogo mno kiasi kwamba milioni moja haitikisi mizani yoyote. Ikachaguliwa idadi kubwa ambayo inatupa urahisi mmoja mkubwa: uzito wa atomu uliopo kwenye jedwali la elementi unageuka kuwa gramu bila kubadilisha tarakimu. Kaboni ni 12 kwenye jedwali, moli yake ni gramu 12. Namba yenyewe, 6.02 mara kumi kwa kipeo cha 23, imepewa jina la Amedeo Avogadro, Mwitalia aliyesema mwaka 1811 kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1856 bila kuijua hiyo namba. Makadirio ya kwanza yalikuja baadaye, na tangu Mei 2019 imewekwa kabisa kuwa 6.02214076 mara kumi kwa kipeo cha 23, haiguswi. Lakini kwenye kukokotoa maswali ya kidato cha tatu na cha nne mara nyingi hutaihitaji hata hiyo namba, kama baba alivyokuwa hahitaji kuziona bolti mia moja mbele yake kila asubuhi.

Sasa turudi kwenye sabuni.

Jumatatu ile baada ya vipindi niliketi na mama mwenyekiti na wenzake wawili kwenye benchi la maabara. Niliwachorea molekuli ya mafuta: kichwa kimoja chenye mikono mitatu. Kostiki, yaani sodiamu hidroksaidi, hukata mkono mmoja mmoja na kuugeuza kuwa sabuni, na kile kichwa kinabaki gliserini. Mikono mitatu, kostiki tatu. Hii haibadiliki, yawe ya nazi, yawe ya mawese.

Kinachobadilika ni urefu wa mikono. Mafuta ya nazi yana mikono mifupi, mingi ya kaboni 12. Mawese yana mikono mirefu, mingi ya kaboni 16 na 18. Kwa hiyo molekuli moja ya mawese ni nzito kuliko ya nazi, na ukipima kilo 10 za kila moja, kwenye nazi utakuwa na molekuli nyingi zaidi. Mmoja wa wale akina mama, ambaye alikuwa kimya muda wote, akasema, "Kama dagaa na migebuka." Nilitamani ningekuwa na maneno hayo nikiwa kidato cha tatu. Kilo ya dagaa na kilo ya migebuka, samaki wakubwa zaidi, ni kilo zote, lakini nenda ukahesabu vichwa.

Tukakokotoa pamoja, mimi nikiandika, wao wakipiga kikokotoo cha simu. Kwa wastani moli moja ya mafuta ya mawese ina gramu 850 hivi. Kilo 10 ni gramu 10,000. Gawa kwa 850, unapata moli 11.8 hivi. Mara tatu, kwa sababu ya mikono mitatu, ni moli 35.3 za kostiki. Moli moja ya kostiki ni 23 ya sodiamu, 16 ya oksijeni na 1 ya haidrojeni, gramu 40. Mara 35.3 ni gramu 1,412.

Wao waliweka 1,800.

Kimya. Kisha mama mwenyekiti akatoa 1,412 kwenye 1,800 bila kuambiwa, akaisoma kwa sauti: "Mia tatu themanini na nane." Akairudia. Gramu 388 za kostiki katika kila mapishi zilikuwa hazina mafuta ya kushikana nayo. Mafuta ndiyo yaliyowahi kwisha, kostiki ikabaki ikizurura ndani ya sabuni ikingoja ngozi ya mtu.

Upande wa nazi nao niliwaonyesha, ili wasimlaumu ndugu wa Tanga. Moli moja ya mafuta ya nazi ni gramu 657 hivi. Kilo 10 ni moli 15.2, mara tatu ni 45.7, mara 40 ni gramu 1,828 hivi. Karatasi yake ilisema 1,800. Alikuwa sahihi, tena aliacha mafuta yazidi kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Karatasi ilikuwa nzuri, ila ilikuwa ya mafuta mengine.

Walikuwa na mapishi matatu yaliyobaki, miche imepangwa kwenye chumba cha mmoja wao, mtaji wote umelala humo. Swali lao la kwanza halikuwa la kemia: tuitupe? Nikawaambia hapana, tuigeuze hesabu. Kostiki gramu 1,800 ni moli 45. Gawa kwa mikono mitatu, ni moli 15 za mafuta. Mara 850 ni gramu 12,750. Walitia 10,000. Kwa hiyo kila mapishi yalikuwa yanadai mafuta kilo 2 na robo tatu. Tukakubaliana kilo 3 kamili, ili safari hii mafuta ndiyo yabaki kidogo na si kostiki.

Jumamosi tuliikwaruza miche yote kwa kikwaruzio cha mboga, glavu mikononi, mikono mirefu, nguo kuukuu. Tukaiyeyusha kwa moto mdogo kwenye pipa la chuma na maji kidogo, tukatia mawese mekundu kwa kipimo, tukakoroga kwa zamu na mti wa mwembe. Mwanzoni mafuta yaliogelea juu kama damu kwenye uji. Baada ya saa moja na nusu hivi ukorogaji ulianza kuwa mzito, rangi ikawa ya machungwa iliyopauka, na mti ukiunyanyua uji unaburuta kama ugali laini. Tukamwaga kwenye vibao. Niliyasubiri majuma mawili kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Tone la fenolftalini likakaa juu ya sabuni, waridi la mbali, la kufikirika. Muuza dagaa alipewa miche mitatu bure na aliendelea kuwa mteja.

Ilikwenda vizuri miezi kadhaa, kwa kipimo kipya cha gramu 1,340 kwa kilo 10 za mawese, chini kidogo ya 1,412 ili mafuta yabaki. Kisha sabuni ikaanza kuwa laini, inateleza mafuta, haikauki. Kipimo ni kilekile, mizani ni ileile. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo vitabu hulitaja kwa mstari mmoja. Kanuni zote za moli zinachukulia kwamba unachopima ni kile kilichoandikwa kwenye mfuko. Kostiki inavuta unyevu wa hewani. Mfuko wao ulikuwa umefunguliwa tangu masika, mdomo umefungwa kwa kamba ya katani tu, na vile vipande vilikuwa vimeshikana na kung'aa kama sukari guru iliyolowa.

Bahati nzuri wanafunzi wangu wa kidato cha nne walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa vitendo, na titresheni, yaani kupima nguvu ya myeyusho kwa kuudondoshea asidi, haikosekani. Safari hii sikuwapa myeyusho wa chupa ya maabara. Niliwapa kostiki ya akina mama. Tulipima gramu 1.0, tukaiyeyusha hadi sentimita za ujazo 250. Kama ingekuwa safi, hiyo ni moli 0.025 ndani ya robo lita, yaani moli 0.1 kwa lita. Wakachukua 25 kwa pipeti, matone mawili ya methili oranji, inayobadili rangi kostiki ikiisha, na asidi haidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita kwenye bureti. Kostiki safi ingekula 25 kamili. Darasa lote lilikuwa linakaribia 22.5. Hiyo ni asilimia 90. Sehemu moja katika kumi ya kile walichokuwa wakinunua na kupima ilikuwa, kwa sehemu kubwa, maji tu.

Sijawahi kuona darasa limenyamaza hivyo wakati wa titresheni. Walikuwa wameshaifanya mara kumi kabla, wakisoma bureti kwa ajili ya alama. Sasa mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo watie ngapi?" na wenzake wakaanza kugawa kabla sijajibu. 1,340 kugawa kwa 0.9, gramu 1,489. Waliiandika kwenye karatasi na msichana ambaye mama yake yumo kwenye kikundi akaipeleka nyumbani. Sikuongeza kitu.

Tangu hapo sianzi tena mada hii na namba ya Avogadro. Naanza na bolti na washa, halafu sabuni, na moli inakuja wakati tayari wanaihitaji. Naisema kwanza kwa Kiswahili, hata kama mtihani ni wa Kiingereza, kwa sababu mtoto hawezi kutafsiri kitu ambacho hajakipata. Na kila anayeniandikia gramu 20 kwenye lile swali la kaboneti simpigi mstari mwekundu kwanza. Namuuliza: bolti ni mia ngapi hizo?

Mwaka jana mawese yalipanda bei, na kikundi kikapata mtu wa kuwauzia mafuta ya mise, yale ya kokwa la mchikichi, kwa bei nafuu. Mama mwenyekiti alinipigia simu usiku. Hakuuliza watie kostiki kiasi gani.

"Mwalimu, haya mise mikono yake ni mirefu kama ya mawese, au mifupi kama ya nazi?"

Nikamwambia ni mifupi, karibu sana na nazi, ingawa yanatoka kwenye tunda lilelile la mawese.

"Basi kostiki ipande," akasema. "Nipe uzito wa moli yake, hesabu nitafanya mwenyewe."

Nikampa 680. Nikamsikia akimwambia mtu pembeni ashike kalamu.